Unaenda Nayo Wapi?

Mzigo wa kwanza nilioupakia Kariakoo kuuleta Tanga ulikuwa na magauni 60, na kati ya hayo 42 yalikuwa ya rangi moja, buluu iliyokolea, yenye mkato ulionyooka kuanzia mabegani hadi chini kidogo ya magoti, yasiyo na marinda, lesi wala pambo lolote kifuani. Ulikuwa mwaka 2011. Nilikuwa nimefanya kazi ya ukarani Dar es Salaam kwa miaka 9, nikarudi nyumbani na akiba yangu, nikakodi fremu katika mojawapo ya zile barabara za Ngamiani zinazoitwa kwa namba, nikazipaka kuta rangi nyeupe na kununua kioo kirefu kuliko vyote nilivyovikuta mjini. Sikuwa na shaka hata kidogo juu ya yale magauni. Niliyachagua moja moja katika mtaa wa Kongo, nikaligeuza kila moja nje ndani kuangalia mshono, nikayakataa yaliyokuwa na nyuzi zinazoning'inia, na nilipokuwa ndani ya basi nikirudi, kutoka Chalinze hadi Segera, nilikuwa nikiwaza jinsi wanawake wa kwetu watakavyofurahi kuletewa nguo iliyotulia.

Baada ya miezi minne nilikuwa nimeuza magauni 9.

Watu wa Tanga hawaitii kasoro mali ya mtu mbele ya macho yake. Mwanamke huingia, husalimia, hugusa kitambaa, huuliza bei, husema "mashaallah, nguo nzuri," kisha huaga kwamba atapita tena. Mji wetu una msemo wake unaojulikana, waja leo waondoka leo, na katika miezi ile niliusikia kana kwamba umetungiwa mlango wangu. Adabu hiyo iliniumiza kuliko ambavyo lawama ingeniumiza, kwa sababu ilininyima habari niliyoihitaji kuliko fedha yenyewe: kwa nini hawanunui?

Aliyenieleza alikuwa shangazi yangu, ambaye kwa miaka mingi alikuwa akitembeza kanga nyumba kwa nyumba kwa mkopo na kuyabeba madeni yote kichwani bila daftari. Alikuja asubuhi moja, nikamwamkia, nikampa kiti. Hakukaa. Alizunguka duka zima akishika pindo za nguo na kuzipima kwa vidole, akasimama katikati na kuniambia, "Mwanangu, hapa hujafungua duka. Umetufungulia kabati lako, ukatubandikia na bei."

Nilikasirika, na hasira ile ilikaa nami siku mbili. Siku ya tatu aliingia mwanamke mmoja, mwalimu wa shule ya msingi, akalijaribu gauni la buluu, likamkaa vizuri sana, akajigeuza mbele ya kioo mara mbili, mara tatu, na uso wake ukaonyesha wazi kwamba amelipenda. Kisha akalivua. Nilipomuuliza kwa nini, alinijibu kwa upole, "Nzuri, dada, nzuri kweli. Ila hii naivaa wapi?" Nilianza kumjibu, nikakosa la kusema. Kazini kwake lingefaa kama lingekuwa refu zaidi. Kwenye hitima lisingefaa, kwenye harusi angeonekana kama hakualikwa, na nyumbani lingembana wakati wa kuinama na kufua. Gauni lile lilishonwa kwa ajili ya mwanamke anayetoka nyumbani akapanda gari, akaketi ofisini hadi jioni, akarudi. Mwanamke huyo nilikuwa mimi, tena mimi wa Dar es Salaam, ambaye Tanga hakuwapo tena.

Tangu siku hiyo niliacha kumuuliza mteja anapenda nini. Nilianza kumuuliza anaenda na nguo hiyo wapi, na majibu yalinifundisha mji wangu upya, ingawa nilizaliwa humo.

Nilikuwa nimewagawa wanawake katika mafungu mawili, wanaopenda utulivu na wanaopenda kung'aa, na kila aliyeingia nilimpanga upande mmoja kabla hajafungua mdomo, kwa kutazama alivyovaa. Aliyeingia na baibui jeusi lisilo na uzi wa rangi nilimwonyesha nguo za kiza. Ni kosa ambalo leo ninaona haya kulisimulia, kwa sababu nimelelewa na wanawake wa baibui na nilipaswa kujua. Baibui ni vazi la njiani. Wanawake walewale waliopita mbele ya duka langu wamefunikwa weusi mtupu ndio waliokuwa wakinunua, kwenye maduka ya wenzangu, magauni ya satini ya rangi ya dhahabu yenye shanga hadi kwenye pindo, kwa sababu harusi zetu zina usiku wa wanawake peke yao, na mlango ukishafungwa mabaibui yote huvuliwa na kuwekwa pembeni. Hapo mwanamke huonwa na wanawake wenzake, macho makali kuliko yote duniani, yanayojua bei ya kila mita ya lesi. Mteja wangu mmoja, mtu mzima, mpole hata sauti yake humsikii vizuri, ndiye aliyewahi kununua kwangu gauni linalong'aa kuliko yote niliyowahi kuyaleta. Alinieleza kwamba mdogo wake anaolewa na kwamba yeye ndiye aliyemlea baada ya mama yao kufariki. "Usiku ule mimi ndiye mama wa harusi," alisema. Sikuona tena shanga nyingi mno katika gauni lile. Zilikuwa kiasi hasa kinachotakiwa.

Yapo pia mambo ya kalenda, na karani wa Dar es Salaam alikuwa ameyasahau. Ramadhani ikianza, nguo za sherehe hulala. Kumi la mwisho likiingia, duka hufungwa usiku wa manane kwa sababu kila nyumba inatafuta nguo ya Iddi, na ukifika Mfungo Mosi, mwezi unaofuata Ramadhani, harusi hurudi kwa wingi na sare huanza kuagizwa, watu 20 kitambaa kimoja. Anayeleta nguo za harusi katikati ya mwezi mtukufu amefunga mtaji wake kwa mkono wake mwenyewe. Hayo nilijifunza haraka na sina haja ya kuyarefusha.

Kanga zilinichukua muda mrefu zaidi. Shangazi alinisihi niweke doti chache kando ya mlango, na kwa kuwa alinikopesha za kwanza sikuweza kukataa, ingawa niliona zinaharibu sura ya duka. Kanga kila mtu anaijua, na sehemu zake tatu: pindo inayozunguka, mji ulio katikati, na jina, yaani yale maneno yaliyoandikwa karibu na ukingo wa chini. Mimi nilizipanga kwa rangi, kama nilivyopanga kila kitu. Siku moja mwanamke kijana alishika doti moja nyekundu na nyeusi, akaipenda mno, akaikunjua, akasoma jina lake: HASIDI HANA SABABU. Akaikunja polepole na kuirudisha mahali pake. Alikuwa akimnunulia mama mkwe wake, aliyekuwa akirudi kutoka hospitali. "Nikimpelekea hii," alisema, "atasema nimemtungia." Alichukua nyingine, ya rangi ya machungwa iliyofifia, ambayo mimi nisingeinunua hata kwa nusu ya bei, kwa sababu jina lake lilikuwa la kumwombea mtu heri.

Baada ya hapo nilizipanga kanga upya, jina likitazama mbele, kama shangazi alivyokuwa akizifunga kwenye robota lake. Nilijiuliza ni mara ngapi, katika nguo zisizo na maandishi, wateja wamesoma maneno ambayo mimi siyaoni. Gauni fupi lina jina lake. Gauni la bei kubwa lina jina lake pia, na mwanamke ambaye ndugu zake wana shida anaweza kulikataa hata kama fedha anayo, kwa sababu analijua jina hilo watakavyolisoma.

Kuhusu saizi nina machungu bado. Miaka ile ya mwanzo nilishuhudia wanawake wengi wakitoka kwenye chumba cha kujaribia nyuso zimewashuka, wakijilaumu kwamba wamenenepa, wakati nguo iliyowakataa iliandikwa XL na ilikuwa nyembamba kuliko gauni la saizi ya kati lililotoka kiwanda kingine. Wengi waliondoka wakidai hawapendi mtindo ule. Niliwaamini, nikaandika daftarini kwamba mtindo haupendwi, nikaacha kuuleta, kumbe mtindo haukuwa na kosa. Fundi aliyekuwa na cherehani yake kwenye baraza la nyumba ya jirani ndiye aliyenifumbua macho. Alilichukua gauni moja, akalipima kiunoni na kwenye nyonga, akanionyesha kwamba kiuno kilikuwa kinamtosha mteja wangu na nyonga zilikosa karibu inchi tatu. "Hii imepimwa juu ya mtu mwingine," aliniambia.

Maneno yake yalinipeleka mbali, maana nilianza kutafuta habari za hizo namba tunazozitegemea. Nikakuta kwamba mojawapo ya kazi kubwa za mwanzo za kuwapima wanawake kwa ajili ya nguo za dukani ilifanyika Marekani mwaka 1939 na 1940, chini ya Wizara ya Kilimo ya nchi hiyo, wakapimwa wanawake karibu 15,000, matokeo yakachapishwa mwaka 1941, na vipimo vya wanawake wasio Wazungu havikutumika katika hesabu ya mwisho. Sisemi kwamba gauni lililoshonwa juzi kiwandani China linafuata daftari lile. Ninachosema ni kwamba tangu mwanzo kuna mwanamke aliyewekwa katikati ya kipimo na wengine wakaachwa nje, na mteja wangu wa Makorora anayejitazama kiooni na kujichukia anastahili kuambiwa hivyo. Siku hizi huwa namwambia. Fundi yule sasa analipwa na duka kwa mwezi, na neno la kwanza ninalomwambia mteja ambaye nguo imembana ni kwamba tutaachia kwenye mshono, kama upo wa kuachia. Ndiyo maana nikienda Kariakoo huwa natazama kwanza ndani ya mshono wa ubavuni kama wamebakiza kitambaa, kabla sijatazama rangi.

Jirani mwingine aliuza mitumba, na nilimdharau mwanzoni kwa sababu nilidhani anaharibu biashara ya sisi wenye nguo mpya. Alfajiri alipofungua robota, wanawake walewale waliosema watapita tena kwangu walikuwa tayari wamesimama kwake. Nilikwenda kutazama. Nilimwona mama mmoja akigeuza sketi na kutafuta lebo, akaipata imeandikwa St Michael, akaishika kwapani asinyang'anywe. Lebo hiyo ilitumiwa na maduka ya Marks & Spencer ya Uingereza tangu 1928 hadi 2000, kwa hiyo sketi ile, mwaka 2012, ilikuwa na zaidi ya miaka kumi na mshono wake haujalegea. Mama yule hakujua habari za lebo hiyo zaidi ya kwamba haichaniki na ina bitana. Alikuwa akipanda daladala kila siku na kushuka na mizigo. Alitaka nguo inayostahimili, nami nilikuwa nikimuuzia mkato.

Nikazidi kuyasoma hayo maduka ambayo nguo zake hutufikia zikiwa zimekwisha kuvaliwa. Kule Ulaya, katika mitaa mikuu ya miji, wanawake wamegawiwa milango. Topshop ilianza mwaka 1964 kama sehemu ya wasichana ndani ya duka la Peter Robinson, ikaja kujitenga na kuwa duka kamili. H&M ilianza mwaka 1947 katika mji wa Västerås, Uswidi, kwa jina la Hennes, neno la Kiswidi lenye maana ya vitu vyake yeye mwanamke, na nguo za wanaume hazikuingia hadi 1968. Marks & Spencer ikabaki na sifa ya duka la mama wa makamo. Mwanamke wa huko anapouchagua mlango huwa amekwisha kujitaja umri na mfuko wake, na mwenye duka anaweza kuleta ladha moja akaishi. Ngamiani mlango ni mmoja. Kwangu huingia bibi, binti yake na mjukuu wake kwa pamoja, wakiwa na fedha moja, na kila mmoja ana haki ya kusema juu ya nguo ya mwenziwe.

Hapo ndipo nilipofanya kosa ambalo bado linanisumbua. Ilikuwa kumi la mwisho la Ramadhani, duka limejaa, aliingia mama na binti yake ambaye miezi michache mbele angekwenda chuo Dodoma. Binti alitaka suruali ya jinzi na blauzi iliyoishia kiunoni. Mama alishika dera la kijani, pana, lile vazi lililotufikia kutoka kwa Wasomali wanaoliita dirac. Wakabishana kwa sauti ya chini, kila mmoja akinitazama. Nami, nikiwa nimechoka, tena nikiwa nakumbuka ujana wangu mwenyewe, nilisema, "Mama, mwachie tu, ndiyo mambo ya siku hizi." Wateja wengine waliitikia kwa kucheka. Mama yule alilirudisha dera kwenye henga, akalinyoosha begani lisikunjamane, akaniambia, "Wewe unauza, mwanangu. Mimi ninaishi naye, na watu wanaishi nami." Wakatoka wote wawili mikono mitupu.

Nilikaa na maneno yale hadi baada ya Iddi, kisha nikaulizia nyumba yao na kwenda kuomba radhi. Alinipokea vizuri, akaniandalia chai, na katika mazungumzo nikaelewa. Mumewe alikuwa amefariki mwaka uliotangulia. Ile ilikuwa Iddi ya kwanza ya kumpeleka binti kwa ndugu wa marehemu, Pangani, nao walikuwa wamekwisha kusema kwamba mjane hataweza kumlea mtoto wa kike peke yake. Nguo ingevaliwa na binti, lakini atakayetazamwa ndani yake alikuwa mama. Swali langu nililojivunia, la unaenda nayo wapi, sikuliuliza siku ile, na lau ningeliuliza wangejibu wote wawili, kwa sababu binti naye alikuwa anafikiria chuo, siku ya kwanza darasani, kati ya wenzake asiowajua. Walikuwa wakizungumzia nguo mbili kwa fedha ya nguo moja. Mwaka uliofuata walirudi. Walinunua baibui la Iddi, na kwa ajili ya chuo blauzi ndefu inayofika magotini pamoja na suruali yake, na kwa ile ya pili nilikubali walipe kidogo kidogo hadi Mfungo Tatu.

Si kwamba sasa ninapenda kila kitu. Mdogo wangu wa kike, ambaye siku hizi tunaliendesha duka pamoja, hupenda nguo za madoadoa ya chui, mimi sizipendi na sitazipenda. Ninaona zinamtangulia mvaaji mlangoni. Tumekubaliana kwamba kila safari ya Kariakoo theluthi ya mzigo huchagua yeye bila kuniuliza, theluthi mimi, na iliyobaki tunaijaza kwa orodha ya daftari ambamo tunaandika yale wateja waliyoyatafuta wakayakosa. Theluthi yake huisha mapema kuliko yangu mara nyingi. Mara moja, msimu wa baridi, yangu ndiyo iliyoisha, kwa sababu nilileta masweta yenye vifungo na akina mama wa Lushoto walioshuka mjini kwa matibabu waliyabeba yote kwa siku tatu.

Yale magauni ya buluu niliyauza kwa miaka mingi, moja baada ya jingine. Kumi na mawili fundi aliyaongezea kitambaa chini yakafika kwenye vifundo vya miguu, na hayo walichukua walimu na wauguzi. Mengine nilishusha bei hadi nikapata hasara. Moja lilibaki, nikaliacha kwenye henga ya mwisho kabisa nyuma ya mlango, na mdogo wangu amekuwa akinisihi nilitoe sadaka.

Mwezi uliopita aliingia bibi mmoja wa umri wa shangazi yangu, amejitanda kanga, mkononi kikapu cha sokoni na mchicha ukichungulia. Nilimwamkia, nikamkaribisha kiti. Alikunywa maji, akatazama huku na huku, macho yake yakafika nyuma ya mlango. Aliomba ashushiwe lile la buluu. Akaliweka kifuani juu ya kanga zake, akasogea kwenye kioo na kusimama hapo kwa muda, ametulia, kama anayemsikiliza mtu. Nikamuuliza, kama ninavyowauliza wote, "Bibi, unaenda nalo wapi?"

"Siendi nalo popote, mwanangu," alisema. "Nimelipenda."

Akafungua fundo la kanga, akahesabu fedha juu ya meza. Nililikunja gauni kwa uangalifu, mikono ndani, ukosi juu, nikamwekea kikapuni upande usio na mchicha.